Kidonda cha mdomoni hakiponi? Anza kwa kuhesabu siku

Kinywa hupona upesi kuliko ngozi. Mtu akijing'ata shavu Jumatatu, akalizwa na pilipili Jumanne, ikifika Jumatatu ya pili mara nyingi hakumbuki hata ni upande gani uliokuwa unauma. Mate yanachangia sana hapo: yanakilowesha kidonda saa zote, yana protini zinazohimiza seli kugawanyika na nyingine zinazopunguza vijidudu. Mishipa midogo ya damu imejaa karibu na juu, na utando laini wa ndani ya shavu hujibadilisha wote kwa muda wa wiki mbili hivi. Kwa hiyo kidonda kinachoingia wiki ya tatu kina kitu kinachokizuia, na kazi yote ya uchunguzi ni kukitafuta kitu hicho.

Ndiyo maana kwenye kiti cha meno naanza na siku. Maumivu nayauliza baadaye kwa sababu yanapotosha: vidonda visivyo na hatari ndivyo vinavyomliza mtu, na saratani ikianza mara nyingi haiumi kabisa. Shida ni kwamba ukiuliza siku unajibiwa "kipo tu, daktari, cha siku nyingi", na siku nyingi za mmoja ni wiki, za mwingine ni miezi mitano. Bora kuuliza kwa matukio.

"Mama, Idi ilikukuta nacho?"

"Eeh, Idi kilikuwepo."

"Na mfungo unaanza?"

"Kilikuwepo, nilikuwa nafuturu kwa upande mmoja."

Hapo umeshajua kwamba kimevuka mwezi, na mazungumzo yanabadilika.

Kinachoendelea ndani ya kidonda

Tishu ikijeruhiwa, mishipa ya damu hujibana kidogo, damu inaganda, kisha mishipa hiyohiyo inatanuka na kuanza kuvujisha majimaji. Hapo ndipo unapoona wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Huo ndio mchochota. Watu wengi wanauona kama ugonjwa wa kuzimwa haraka kwa diklofenaki, lakini bila mchochota hakuna kupona. Ndani ya saa chache chembe nyeupe za mstari wa mbele zinafika kuua bakteria, na zinatawala siku ya kwanza na ya pili. Kuanzia siku ya tatu hivi zinakuja chembe kubwa zinazokula mabaki na kutoa ishara kwa seli za ujenzi. Seli za ujenzi zinafuma nyuzi za kolajeni, mishipa mipya inachipua, na wakati huo utando wa pembeni unakuwa umeshaanza kutambaa kuelekea katikati ili kufunika.

Kitu kimoja kinawasumbua wengi: ule utando wa njano au mweupe uliokaa juu ya kidonda. Si usaha. Ni protini ya damu iliyoganda pamoja na chembe zilizokufa, na chini yake ndiko utando mpya unakotambaa. Anayeusugua kwa pamba au mswaki kila asubuhi "ili kidonda kiwe kisafi" anairudisha kazi nyuma kila asubuhi. Uache. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, mara kadhaa kwa siku, inatosha.

Kidonda kikichelewa, sababu huangukia katika mafungu machache. La kwanza, kinachojeruhi bado kipo: jino lenye ncha, meno ya bandia yasiyokaa sawa, mzizi uliooza, tumbaku inayowekwa palepale kila siku. Hapo mchochota na ujenzi vinakwenda pamoja bila kufika popote, fundi mmoja anapiga plasta na mwingine anabomoa. La pili, vifaa vya ujenzi havitoshi: upungufu wa damu, lishe duni, kisukari kisichodhibitiwa, sigara inayobana mishipa. La tatu, askari wa kinga wamepungua, na hapa VVU ndiyo ya kwanza kufikiriwa. La nne ni seli zenyewe kubadilika na kuacha kutii amri ya kusimama, yaani saratani. Mafungu matatu ya kwanza ukiyaondoa na kidonda kikabaki, la nne ndilo linalobaki mezani.

Kidonda kimoja, kinauma, kimeanza siku chache zilizopita

Mara nyingi ni jeraha la kawaida. Pitisha ulimi kwenye meno ya jirani: ukingo unaokwaruza, kipande cha jino kilichovunjika, ziba lililoinuka. Mwenye meno ya bandia ayavue, aangalie kama kidonda kinalingana na ukingo wake. Mtoto aliyetoka kuchomwa sindano ya ganzi hujing'ata mdomo bila kuhisi, na jioni mdomo unavimba ukawa na eneo jeupe la kutisha. Wazazi hukimbilia kudhani ni maambukizi, kumbe ni meno yake mwenyewe.

Kuna jeraha tunalojitengenezea. Jino linauma usiku, duka la dawa limefungwa, mtu anasaga aspirini na kuibandika kwenye ufizi. Aspirini ni asidi. Hutuliza maumivu ikimezwa na kuingia kwenye damu. Ikibandikwa inaunguza, na kesho yake unaona eneo jeupe lililokunjamana linalobanduka na kuacha nyama nyekundu. Mafuta ya karafuu nayo, yakimwagwa bila kiasi, huunguza vilevile. Tone dogo kwenye pamba ndani ya tundu la jino ni jambo moja, kulowesha ufizi mzima ni jingine.

Ondoa sababu, kisha hesabu siku 14. Jeraha la kweli litakuwa limepona au linaonekana wazi kwamba linapungua. Lisipofanya hivyo, rudi hospitali hata kama halikuumi.

Vidonda vinavyopona na kurudi

Vya duara, sakafu ya njano, ukingo mwekundu, vinauma kupita ukubwa wake. Vinatokea mahali palipo laini na panapocheza: ndani ya mdomo wa chini, ndani ya shavu, chini ya ulimi. Hivi ni afta. Vidogo huwa chini ya milimita 10 na hupona ndani ya siku 7 hadi 14 bila kovu. Kuna aina kubwa inayozidi hapo, inayochukua wiki kadhaa na kuacha kovu. Haviambukizi, mpe mwenzio kikombe bila wasiwasi.

Kinachovianzisha hakijulikani kikamilifu, ila vina marafiki: msongo wa mawazo, majeraha madogo, hedhi kwa baadhi ya wanawake, na upungufu wa madini ya chuma, foleti au vitamini B12. Mtu mzima ambaye hajawahi kuvipata kisha vikaanza kumfuata mfululizo apime wingi wa damu na apime VVU. Katika mpangilio wa hatua za VVU wa Shirika la Afya Duniani, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia viko hatua ya pili, pamoja na mipasuko ya pembe za midomo. Na ikiwa vinakuja pamoja na vidonda sehemu za siri au macho kuwa mekundu na kuuma, yote matatu yatajwe kwa daktari katika ziara hiyohiyo. Mgonjwa akitenganisha, mdomo kwa daktari wa meno, macho kwa daktari wa macho, hakuna anayeliona jambo zima.

Mahali panatofautisha mengi. Vidonda vidogo vingi vilivyojikusanya kwenye kaakaa gumu au kwenye ufizi ulioshikamana na mfupa, hasa vikianza na malengelenge, vinaelekea kwenye virusi vya hepesi, si afta.

Malengelenge: "homa imetokea mdomoni"

Mdomo unawasha na kuchonyota, kesho yake vilengelenge vinajikusanya ukingoni, vinapasuka, vinafanya gaga, vinapona ndani ya siku 7 hadi 10. Mtaani inasemwa malaria imetoka, na wengine wanakunywa dawa ya malaria kwa kuangalia mdomo tu. Ukweli uko nusu. Virusi vya hepesi hujificha kwenye neva tangu utotoni, na homa yoyote inaweza kuviamsha, iwe ya malaria, mafua au nimonia. Jua kali na uchovu pia. Kwa hiyo malengelenge yanaweza kuambatana na malaria, lakini hayaithibitishi. Kipimo ndicho kinachothibitisha.

Kwa mtoto mdogo anayekutana na virusi hivi mara ya kwanza, hali huwa nzito zaidi: homa, fizi nyekundu zilizovimba na kutoka damu, vidonda ulimini na midomoni, mate yanatiririka, hataki kula. Huchukua siku 10 hadi 14. Kinachompeleka wodini ni kukauka maji, mara nyingi kuliko virusi vyenyewe. Maji, uji mwepesi uliopoa, maziwa baridi, kwa kijiko kidogo kidogo, na parasetamo. Dawa ya asiklova husaidia ikianzwa katika siku 3 za mwanzo. Antibayotiki haifanyi chochote kwa virusi.

Weupe: unafutika au haufutiki?

Hapa kidole ndicho kinachofanya kazi. Funga gozi kwenye kidole, futa kwa upole.

Ukifutika vipande vipande na kuacha chini wekundu unaochuruzika damu kidogo, ni fangasi. Kwa mtoto anayenyonya ni jambo la kawaida: matone ya nistatini mara 4 kwa siku baada ya kunyonya, na uendelee siku 2 baada ya weupe kuisha, la sivyo unarudi. Chuchu za mama nazo ziangaliwe. Kwa mtu mzima fangasi hazijileti bure. Uliza kama anatumia pampu ya pumu yenye steroidi bila kusukutua baada yake, kama amemaliza dozi ndefu ya antibayotiki, kama analala na meno ya bandia, kama ana kisukari. Kama hakuna hata kimoja, pima VVU; fangasi za mdomoni zinazoendelea ziko hatua ya tatu ya VVU. Zikishuka hadi kooni, chakula kikawa kinakwama na kuuma kifuani, hiyo ni hatua ya nne na haitibiwi kwa matone.

Naomba hapa niseme neno kuhusu ile dawa ya zambarau, GV. Ni rahisi, iko kila duka, na kwa fangasi inafanya kazi. Lakini ikishapakwa, mdomo wote unakuwa rangi moja, na mimi ninayetakiwa kutofautisha wekundu na weupe na udhurungi sioni kitu. Nimepokea watu wengi ambao ilibidi niwaombe warudi baada ya siku kadhaa kwa sababu hiyo tu. Kama bado hujaangaliwa, usipake.

Weupe usiofutika ni habari nyingine. Mistari myeupe ya wima pembeni mwa ulimi, yenye mwonekano wa manyoya, hutokana na virusi vya Epstein-Barr na karibu kila mara inaonyesha kinga iliyoshuka. Michirizi myembamba iliyosukana, ndani ya mashavu yote mawili kwa usawa, mara nyingi ni laikeni, ugonjwa wa kinga kushambulia utando wenyewe. Unafuatiliwa kwa miaka. Mabaka mekundu yenye ukingo mweupe juu ya ulimi, yanayohama kutoka siku hadi siku, ni ramani ya ulimi tu, hayana madhara, na mwenye nayo aachwe ale kwa amani.

Baka jeupe lisilofutika, lisilolingana na lolote kati ya hayo, hasa kwa mvutaji au mtumiaji wa ugoro na kuberi, linahesabiwa kuwa baka linaloweza kugeuka saratani. Angalia linalingana na nini: anayebandika kuberi nyuma ya mdomo wa chini atakuwa na mkunjo mweupe palepale, na anayetafuna mirungi upande mmoja atakuwa nalo shavu hilohilo. Akiacha, baadhi ya mabaka hufifia ndani ya wiki chache. Lisilofifia linakatwa kinyama cha kupima. Baka jekundu laini kama mahameli, lisilo na sababu, lina hatari kubwa zaidi ya jeupe; mengi yakipimwa hukutwa tayari yamebadilika vibaya. Hilo halisubiriwi.

Mdomo unaofunga polepole

Pwani yetu inalijua tambuu: jani, popoo, chokaa, na kwa wengine tumbaku ndani yake. Harusini linapitishwa kwenye sahani, na bibi anayelitafuna tangu usichana hatakuelewa ukimwambia ni baya. Wengine wanajitetea kwamba wao hawaweki tumbaku. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka popoo peke yake, hata bila tumbaku, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kabla ya saratani kuna kitu kinachoonyesha vizuri jinsi uponyaji unavyoweza kwenda kombo. Kemikali ya popoo inazichochea seli za ujenzi zifume kolajeni bila kusimama, na wakati huohuo kolajeni ya zamani haivunjwi kwa kasi inayotakiwa. Kovu linatengenezwa pasipo kidonda. Dalili huanza kwa mchonyoto: pilipili aliyoizoea miaka yote sasa inamuunguza. Kisha ndani ya mashavu panapauka rangi, na ukipapasa unakutana na nyuzi ngumu za wima. Mwishoni mdomo haufunguki.

Kipimo chake hakihitaji chombo. Fungua mdomo, simamisha vidole vyako vitatu vya kati kati ya meno ya juu na ya chini. Watu wazima wengi vinaingia. Vikiingia viwili, umechelewa kidogo. Kikiingia kimoja, hata kumpiga mswaki ni kazi. Akiacha popoo mapema hali husimama, na mazoezi ya kufungua mdomo pamoja na matibabu ya hospitali humrudishia kiasi. Nyuzi zilizokwisha kukomaa hazirudi zilivyokuwa, na mdomo huo unapaswa kuangaliwa kila baada ya miezi michache maisha yote.

Fizi: damu, harufu, na mashavu ya watoto

Damu wakati wa kupiga mswaki ni mchochota wa ufizi kutokana na utando wa bakteria shingoni mwa jino, na dawa yake ni kupiga mswaki vizuri zaidi hapohapo panapotoka damu, pamoja na kusafishwa ugaga kliniki. Watu wanafanya kinyume: wakiona damu wanapakwepa.

Mama mjamzito anaweza kuota kinyama chekundu kati ya meno, kinachotoka damu kikiguswa. Kinatisha, lakini si saratani. Homoni zimekuza mchochota uliokuwepo, na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua.

Kinachotakiwa kukushtua ni huu mchanganyiko: maumivu makali, harufu mbaya isiyo ya kawaida, na ncha za ufizi kati ya meno zimeliwa na kufunikwa na utando wa kijivu. Kwa kijana mwenye msongo na sigara, au mwenye VVU, hutibika kwa kusafishwa, dawa ya kusukutua ya klorheksidini na antibayotiki ya metronidazo. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 6 aliyekonda, aliyetoka kuugua surua au malaria, ni mlango wa noma, ugonjwa unaoozesha uso. Baada ya fizi, shavu linavimba. Baada ya shavu kuvimba, ndani ya siku chache tu linaweza kuwa jeusi na kutoboka. Bila matibabu wengi mno wanakufa, hadi 9 kati ya 10, na wanaonusurika wanabaki na uso uliokatika. Tarehe 15 Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Cha kusikitisha ni kwamba katika hatua ya fizi na ya shavu kuvimba unazuilika kwa antibayotiki za kawaida, chakula na usafi wa kinywa. Mtoto wa namna hii mwenye harufu mdomoni anapelekwa leo.

Kijipu kidogo juu ya ufizi kinachotoa usaha, kinapona, kinarudi palepale: hicho si kidonda cha ufizi. Ni bomba la maji machafu la jino lililokufa. Unaweza kumeza amoksilini mwaka mzima. Jino lisipotibiwa mzizi au kung'olewa, kitarudi.

Watoto wachanga na "meno ya plastiki"

Mtoto wa miezi michache anaharisha na ana homa, bibi anafungua mdomo, anaona vivimbe vyeupe kwenye fizi mahali pa chonge, na inatolewa hukumu: meno ya plastiki, au ya nailoni. Anaitwa mtu wa kuyachimbua kwa spoku ya baiskeli. Kinachochimbuliwa ni chipukizi la jino la chonge, ambalo ni la kawaida kabisa na liko hapo kwa kila mtoto. Mtoto anatoka damu, anapata maambukizi, na ugonjwa halisi wa kuharisha unaendelea bila maji wala chumvi. Kukata kimeo kwa ajili ya kikohozi ni ndugu yake: kimeo hakisababishi kikohozi cha miezi, kifua kikuu husababisha. Najua hili ni gumu kulisema mbele ya mama mkwe. Lisemwe.

Mtoto mkubwa kidogo mwenye taya linalovimba kwa kasi na meno ya nyuma yanayolegea bila kuoza apelekwe hospitali kubwa mara moja. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, aliielezea saratani hii mwaka 1958 akiwa na watoto wa eneo letu hili. Inakua haraka mno, na kwa sababu hiyohiyo hujibu vizuri dawa zikianzwa mapema. Meno yasing'olewe kwanza.

Baada ya kung'oa jino

Siku ya kwanza maumivu, ya pili nafuu, ya tatu nafuu zaidi: tundu linapona. Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu kati ya siku ya 2 na ya 4, yakapanda hadi sikioni, na tundu linaonekana tupu na linanuka, damu iliyoganda imetoka na mfupa uko wazi. Tundu kavu. Wavutaji wanalipata zaidi, na wanaosukutua kwa nguvu saa za mwanzo. Antibayotiki peke yake haisaidii. Tundu linaoshwa na kuwekwa dawa ya kutuliza. Saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinyonye kwa mrija.

Uvimbe mgumu chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi umeinuka, sauti imebadilika, mate hayamezeki: usisubiri asubuhi. Hapo kinachogombaniwa ni njia ya hewa.

Dawa zinazounguza mdomo

Midomo ikibabuka na kufanya gaga la damu, macho mekundu, ngozi ina mabaka au inabanduka, siku au wiki chache baada ya kuanza septrini, dawa nyingine yenye salfa, nevirapini ya VVU au dawa ya kifafa: acha dawa na nenda hospitali sasa hivi, ukiwa na pakiti mkononi. Namna nyepesi ni doa moja jeusi mdomoni linalowaka kila mara unapomeza dawa ileile, mahali palepale. Andika jina la dawa hiyo nyuma ya kadi yako ya kliniki.

Kidonda kisichouma na kisichoondoka

Pembeni mwa ulimi na sakafu ya mdomo ndiko saratani hupenda kuanzia. Papasa kwa kidole safi: kidonda cha afta ni laini chini yake, cha saratani ni kigumu na kimejishika na nyama ya ndani, ukingo wake umeinuka. Ulimi hauchezi kama zamani, sikio la upande huo linauma bila ugonjwa wa sikio, jino limelegea bila sababu, tezi ya shingo imekuwa ngumu na haiumi. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa kwa mwenye VVU yanaweza kuwa saratani ya Kaposi. Kidonda cha kaswende nacho kinaweza kukaa mdomoni bila kuuma, na kifua kikuu mara chache hutoa kidonda sugu ulimini, hivyo kipimo cha damu na cha makohozi vinaingia kwenye orodha.

Lakini jicho haliamui. Kinachoamua ni kinyama cha kupima, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanapotoroka, kwa imani kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Kukata kinyama cha kupima hakuisambazi. Miezi inayopotea kwa kuogopa ndiyo inayoipa nafasi. Shughuli yenyewe ni fupi: sindano ya ganzi, kipande kidogo kutoka ukingoni ambako pagonjwa panakutana na pazima, nyuzi moja au mbili, unaenda nyumbani. Kula laini siku mbili tatu. Ukingo ule hupona ndani ya wiki moja au mbili, isipokuwa pale ambapo ugonjwa ndio uliokuwa unauzuia. Kabla hujaondoka uliza majibu yanatoka lini, acha namba mbili za simu, na siku ikipita bila kupigiwa, rudi uyafuate mwenyewe.